Golf yangu, kikombe kilichotoboka na "mwite shemeji tuongee naye"

"Dada, mwite shemeji aje tuongee naye." Hayo niliambiwa na fundi mkuu wa gereji moja hapa Dar, mbele ya vijana wake wote, kuhusu gari nililonunua kwa hela yangu na kulitoa bandarini mwenyewe. Nilijisemea ngoja hasira ipoe ndiyo niandike. Wiki zinapita, haijapoa.

Nina Golf GTI Mk5. Nimeishusha kwa springi fupi, nimebadilisha egzosi, na nilikuwa najiandaa kuiflashi steji wani, yaani kubadilisha programu ya kompyuta ya injini ili iongeze nguvu. Kabla ya kuongeza nguvu lazima ujue afya ya injini, kwa hiyo nikaipeleka ibadilishwe taiming belti na pampu ya maji. Nikaomba na jambo la tatu, ndilo lililoleta yote haya: wafungue pampu ya mafuta ya presha, wakague kikombe.

Wenye hizi gari wananielewa. Injini hii inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo kuna pampu ya presha kubwa inayosukumwa na kemshafti, ule mhimili unaofungua vali za injini. Kati ya pampu na kemshafti kuna kikombe kidogo cha chuma, unakifumbata kiganjani kikapotea. Kikiwa kipya uso wake ni mweusi, unang'aa. Weusi ukiisha, chuma kinaanza kulika, na kikitoboka, ncha ya pampu inasugua kemshafti yenyewe. Wanaojali wanakitazama kila kilomita 20,000 hivi. Ni bolti tatu tu upande wa gia boksi, nusu saa umemaliza. Hasara ya kutokitazama ni kemshafti.

Nilimweleza fundi mkuu kwa upole na heshima zote. Akasikiliza huku anachati. Nilipomaliza akacheka, akasema hayo ni mambo ya YouTube, gari ina nguvu, tatizo liko wapi? Hapo ndipo akaniambia nimwite shemeji. Nikamjibu shemeji hayupo, mwenye gari ni mimi. Akageukia vijana wake: "Haya, mfungulieni dada pampu yake, roho yake itulie."

Jioni ya siku ya pili nikachukua gari. Risiti ilikuwa na mstari wake kabisa: ukaguzi wa pampu, 40,000. Nikauliza kikombe kikoje. "Kizima." Nikalipa, nikashukuru.

Haikupita muda, Jumapili moja tukatoka gari nne kwenda Bagamoyo, kula samaki na kurudi. Tumepita Mapinga, nakanyaga mafuta nilipite lori, gari likakata nguvu kama mtu aliyebanwa pumzi. Taa ya cheki injini ikawaka. Nyuma yangu kuna basi linapiga honi, mbele lori, nami katikati nina gari lisilovuta. Namshukuru Mungu dereva wa basi alinipa nafasi nikaingia pembeni. Miguu ilitetemeka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi.

Mwenzetu mmoja ana mashine ya kusomea kodi za hitilafu za injini. Akachomeka: presha ya mafuta imeshuka. Tukafungua boneti, nikamulika kwa simu kule kwenye pampu. Zile bolti tatu zina matundu ya nyota ambamo spana inaingia. Matundu yote matatu yalikuwa yamejaa vumbi na oili vilivyogandamana, vigumu kama ugali wa jana. Ilibidi tuvichokonoe kwa bisibisi ndogo ndipo spana ikakaa. Hakuna mkono uliogusa pale kwa miaka. Nimelipia 40,000 kazi ambayo haikufanyika!

Kikombe kilipotoka kilikuwa na tundu kama punje ya dengu katikati, kingo zake kali kama wembe. Gari likavutwa mpaka Dar. Kemshafti imechimbika, nimebadilisha ya mtumba kutoka Dubai, na pampu pia. Sitaji jumla, mama yangu anasoma huku.

Nataka niwe mkweli. Fundi aliyebadilisha kemshafti alisema taiming belti ilifungwa vizuri, alama zote zimekaa mahali pake, na bei yao ilikuwa ya haki. Nikasema basi, labda ni uzembe wa siku moja, nitawapa nyota tatu kwenye tathmini yangu. Nikarudi pale na kile kikombe, nikamwekea fundi mkuu mezani bila kelele. Akakigeuzageuza. Akasema hizi gari za Kizungu ndivyo zilivyo, akafungua droo, akahesabu 40,000 akanisogezea. Hakusema samahani. Kisha, nawaapia, akasema, "Ungekuja na shemeji mapema haya yasingefika huku."

Kwa hiyo hapana, nyota tatu nimezifuta. Mtu anayefunga belti vizuri halafu anaandika risiti ya uongo ni hatari kuliko fundi asiyejua kitu, maana asiyejua utamkimbia mapema. Mimi nilimwamini, nikaingia barabara kuu.

Wakati natoka, kijana mmoja pale, mdogo mdogo, overoli imemzidi, alinifuata mpaka getini. Akaniambia kwa sauti ya chini, huku akitazama chini: "Dada, mimi nilimwambia bosi tufungue. Spana ya nyota nilikuwa nimeshaishika." Nilimwamini. Huyo ndiye mtu pekee pale aliyenisikiliza kama mwenye gari. Gereji ile siikanyagi tena, lakini kijana yule akija kufungua yake, hata iwe chini ya mwembe, Golf yangu nitampelekea.