Google Docs kwa blogu ya Kiswahili: zima kwanza, andika baadaye

Zana nyingi za uandishi zinazotangazwa mtandaoni zinauza Kiingereza. Grammarly haina Kiswahili; ukiiwasha juu ya makala ya Kiswahili, ukurasa unaweza kujaa mistari myekundu. Hemingway Editor ndiyo kichekesho zaidi. Inapima ugumu wa makala kwa urefu wa maneno na wa sentensi, na neno letu moja kama "hatutawapelekea" lina herufi 15 ilhali ni sentensi iliyokamilika. Habari ya bei ya nyanya sokoni itapewa daraja la tasnifu. Kama blogu yako ni ya Kiswahili, usizilipie.

Google Docs tunaipendekeza kwa sababu nyingine kabisa: ni bure, inahifadhi yenyewe unapoandika, na bando likikatika katikati ya aya unaendelea tu. Sharti ni kwamba uiandae mapema, mtandao ukiwapo. Kwenye kompyuta tumia Chrome au Edge (si dirisha la faragha), ingia Google Drive, fungua mipangilio, kisha weka tiki kwenye kipengele cha kufanya kazi nje ya mtandao. Kwenye simu, gusa nukta tatu pembeni ya jina la faili, uchague ipatikane nje ya mtandao. Wengi hulikumbuka hili bando likishakwisha, na faili haifunguki tena.

Kabla ya kuandika neno la kwanza, nenda kwenye menyu ya zana, fungua mapendeleo, uzime vitu viwili. Cha kwanza ni kusahihisha tahajia kiotomatiki, maana lugha ya faili ikiwa Kiingereza maneno yako yanaweza kubadilishwa bila kuulizwa. Cha pili ni alama za nukuu zilizopinda. Hiki wengi hawakijali, lakini ritifaa (alama ya ') ya "ng'ombe" iliyonyooka na ile iliyopinda ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta. Ukiandika nusu ya makala kwenye simu na nusu kwenye kompyuta, utapata zote mbili, na siku utakapotaka kutafuta na kubadilisha neno hilo kote, baadhi yanaweza kuachwa.

Matatizo makubwa huja wakati wa kuhamisha. Kihariri cha sasa cha WordPress, kilichokuja na toleo la 5.0 mwaka 2018, husafisha vizuri maandishi yanayobandikwa kutoka Docs. Blogger na kihariri cha zamani cha WordPress hubeba pia aina ya mwandiko, ukubwa na rangi, ndiyo maana unaona blogu ambayo kila makala ina sura yake. Dawa ni kubandika kwa Ctrl+Shift+V. Utapoteza viungo, herufi nzito na vichwa vidogo, utavirudisha kwa mkono. Bado ni kazi ndogo kuliko kufukuza misimbo iliyojificha.

Picha usizibandike kamwe pamoja na maandishi. Mara nyingi kinachohamia ni kiungo cha picha iliyobaki kwa Google, na kiungo hicho kikifa msomaji anakuta kisanduku kitupu. Pakua faili kama ukurasa wa wavuti; itakuja imefungwa kwenye zip, picha zote zikiwa kwenye folda moja. Zipe majina yanayoeleweka, kisha zipakie moja moja kwenye blogu.

Angalia pia nafasi. GB 15 za bure zinagawanywa kati ya Drive, Gmail na Google Photos, kwa hiyo video za harusi zilizopandishwa na simu yako zinaweza kukuzuia kuhariri makala.

Anayetaka kusahihishiwa tahajia ajaribu LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia inayokuja na kamusi ya Kiswahili. Asiitegemee sana. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, ukanushi na mtendwa kwa pamoja, hivyo maumbo yake ni mengi mno kuingia yote kwenye orodha: mstari mwekundu chini ya "wasingelimwambia" haumaanishi umekosea. Na ukiandika "kula" ulipokusudia "kura", itanyamaza, kwa sababu yote ni maneno halali. Makosa ya l na r yanahitaji mtu: mpe mwenzako kiungo cha faili ya Docs akiwa na ruhusa ya kupendekeza tu, si ya kuhariri, ili kila badiliko ulikubali wewe.