Mboji ya majani ya mianzi: nzuri kitaluni, haitoshi kulisha mahindi

Mboji hii inayouzwa kwa magunia kwenye vitalu vya miche inastahili sifa, mradi iwe imeiva. Jani la mwanzi ni gumu kuoza: limejaa silika (madini magumu kama ya mchanga) na lignini (kinachokaza nyuzi za mmea), na kabla halijadondoka mmea umeshavuta sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi yake. Kinachofika chini ni kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Potasiamu huoshwa upesi na mvua kwa sababu haikufungwa kwenye nyuzi. Naitrojeni ndiyo yenye shida: kuvu wanaoozesha jani huihitaji, wakiikosa huichota kwenye udongo wa jirani.

Ndiyo maana gunia bichi huwafanya miche wageuke manjano kuanzia majani ya chini. Kabla ya kulipa, chota kiganja katikati ya gunia. Ukiona vipande vya majani vyenye mishipa yake, au ukisikia harufu ya amonia, usinunue. Iliyoiva ni nyeusi, hufikichika vidoleni na hunukia udongo wa msituni. Ukiwa na shaka, panda maharage 10 kwenye mboji na 10 kwenye udongo wa kawaida, ulinganishe uotaji.

Kitaluni changanya debe 1 la mboji, 2 ya udongo wa juu na 1 la mchanga. Inatunza unyevu vizuri sana. Mahindi bado yatadai samadi au mbolea ya naitrojeni.

Lawama yetu kubwa ni chanzo cha majani. Muulize muuzaji. Shamba la mianzi, hata ile ya ulanzi (pombe ya mianzi) ya Iringa na Njombe, likikwanguliwa hadi udongo uonekane, hupoteza silika na potasiamu ambazo tayari kila shina linalovunwa huondoka nazo. Kuchoma majani ni vibaya zaidi, karibu naitrojeni yote huishia kwenye moshi.

Mwenye mianzi yake asinunue kabisa. Abakize matandazo ya sentimita 5 hivi shinani, ziada aikatekate kwa panga, kwani majani mazima hulaliana kama kurasa na kuzuia maji na hewa. Madebe 3 ya majani kwa 1 la samadi mbichi, lundo la mita 1, unyevu wa kutoa matone machache ukikamua, kupindua kila wiki 2. Ruhusu miezi 3 hadi 6; kwenye baridi ya nyanda za juu, zaidi.