"Mama, Unaoga Lakini?": Uzoefu Wangu wa Kliniki ya Ngozi Hapa Mbeya

Jina la hospitali silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua, na ukitaka kujua kumwona daktari ni shilingi ngapi, bei zimebandikwa pale mapokezi. Mimi nimekuja na maneno matatu tu niliyoambiwa na kijana mwenye koti jeupe kwenye chumba cha kwanza, macho yake yako kwenye simu, mlango uko wazi, foleni nzima imetega masikio: "Mama, unaoga lakini?"

Mbeya hii! Mwezi wa sita, Uyole, maji ya alfajiri yanauma vidole kama koleo, na mimi naoga asubuhi na jioni. Nashona nguo za watu Mwanjelwa, napima watu viuno siku nzima, ningekuwa sinuki vizuri ningebaki na wateja kweli?

Tatizo lilianza zamani kidogo, nadhani mwaka ule viazi vilishuka bei mpaka watu wakaviacha shambani. Baka moja, pajani kwa ndani. Mimi ni mweusi wa Tukuyu, halafu baka lenyewe jeupejeupe, lina unga kwa mbali kama nimepita mlangoni kwa mashine ya kusaga. Nikasema mba. Likaja la pili takoni, la tatu kwenye nyonga, moja chini ya titi, na kadogo mkononi juu ya kiwiko. Muwasho wake ulikuwa wa usiku, ukishaanza kupata joto la blanketi ndipo unaamka nao. Dukani nikapewa dawa ya fangasi, haikufanya kitu. Kijana wa duka la dawa akaniambia, "Dada, jaribu hii," krimu ya kopo dogo, na kweli mabaka yakafifia. Nikiacha wiki mbili, yanarudi palepale, kama mtu aliyekwenda msibani na sasa karudi kwake. Hiyo krimu muikumbuke, itaniharibia mambo huko mbele.

Sasa kile chumba cha kwanza. Pazia lipo, maana limeshikiliwa na pete mbili kati ya zote zilizotakiwa, limening'inia upande kama ulimi wa ng'ombe. Mlango haufungi. Ndani kuna kijana, mwanafunzi wake, na mama mwingine anayesubiri sindano. Nivue nini hapo? Nilikunja mkono wa sweta nikamwonyesha lile dogo la mkononi. Ndipo akauliza habari ya kuoga. Akaandika fangasi, vidonge na dawa ya kupaka. Sikukaa kwenye kiti hata kikapata joto.

Nilirudi mara ya pili, mwingine akaniambia ni pumu ya ngozi. Ya tatu, nikapelekwa kupima UKIMWI, majibu salama. Ya nne, nikapelekwa tena kupima UKIMWI, na majibu ni yaleyale, sasa sijui walitarajia damu yangu ibadili mawazo. Nyumbani napo hapakukalika. Wifi yangu alinong'ona neno ukoma, na kuanzia siku hiyo beseni langu likawa na kona yake. Sikumjibu. Mtu ukishaambiwa huogi mbele ya foleni, unaanza mwenyewe kujinusa.

Aliyenifungua ni nesi mmoja mtu mzima, wa chumba cha ndani. Nilikuwa nimekwenda kupiga kelele, nakiri. Akaniacha nikamaliza, akasema, "Mwanangu, ingia hapa, vua vyote." Akafunga mlango, akatundika kitenge chake mwenyewe kwenye msumari dirishani. Akanizungusha polepole kama ninavyomzungusha bibi harusi nikimpima gauni. "Hili la mkononi ni mtoto. Wazazi wake wako huku chini, kwa nini uliwaficha?" Akaniambia nifumbe macho, akagusa kila baka kwa pamba, nikawa nasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Baka la ukoma huwa linapoteza hisia, na mimi kila mguso niliusikia. Siku hiyo beseni langu lilirudi katikati ya ua, nililirudisha mwenyewe, kwa kishindo.

Nesi huyo ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa ngozi, maana kumbe yupo! Alisomea kule hospitali ya KCMC, Moshi, ambako tangu 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi. Alinipima bila haraka, akanishika shingoni, kwapani na kwenye kinena akitafuta tezi zilizovimba. Akauliza krimu gani napaka. Nikamtolea kopo. Akalitazama, akapumua.

Akasema mabaka yanayokaa miaka, yanayopenda sehemu zisizoona jua, yaani matako, mapaja, nyonga na matiti, na yanayofifia kwa krimu kisha yakarudi palepale, hayatakiwi kubashiriwa kwa macho. Kwa watu weusi ugonjwa alioushuku mara nyingi huja kwa baka jeupe, ndiyo maana inachanganywa na mba, mbalanga na ukoma. Lazima kikatwe kinyama cha ngozi kikapimwe.

Wakakata, ganzi inauma kuliko wembe. Majibu: mabadiliko yasiyo mahususi. Kwa Kiswahili cha kwangu: hatujui. Hapo nilitaka kubomoa meza. Daktari akaniuliza, "Mama, ulipaka krimu wiki ile?" Nilipaka. Nani aliniambia nisipake? Ile krimu ni ya steroidi, dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka, inazifukuza kwa muda zile seli wanazozitafuta, kwa hiyo aliyeangalia kwenye hadubini alikuta nyumba haina watu. Daktari aliomba radhi, alisema alipaswa kuniambia kabla. Nimeishi Mbeya miaka yote hii, ni mara ya kwanza mtu wa hospitali kuniomba radhi, hasira ikanikwama kooni sikujua niipeleke wapi.

Nikaacha krimu mwezi mzima nikijikuna kama mbuzi kwenye nguzo. Wakakata sehemu mbili, takoni na pajani, vinyama vikasafirishwa Dar es Salaam kupakwa rangi maalumu zinazotofautisha aina za seli. Kusubiri huko sikusimulii.

Jina lililorudi ni maikosisi fungoidi. Ni limfoma, saratani ya seli nyeupe za damu zinazoitwa seli T. Tofauti na limfoma nyingine zinazoanzia kwenye tezi, hii inaanzia kwenye ngozi, seli zinajipanga kwenye tabaka la juu kama kunguni kwenye upindo wa godoro. Haiambukizi, haitokani na uchafu. Nilirudia mara mbili kumuuliza hapo kwenye uchafu.

Akanipima kwa kiganja changu mwenyewe, maana kiganja cha mtu na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yake yote. Mabaka yangu yote yakaingia kwenye viganja saba. Chini ya asilimia 10, bila vinundu, tezi salama, damu safi, hiyo ni hatua ya mwanzo kabisa, na wengi wa hatua hii huishi nayo wakazeeka nayo. Dawa aliyoniandikia? Krimu ya steroidi! Nilicheka mpaka nesi akaja kuangalia. Safari hii ya nguvu inayojulikana, kwa mpangilio, na tarehe ya kurudi kuangaliwa.

Lakini kilichonikera na kunichekesha kwa pamoja ni hilo jina. Daktari alinieleza kuwa daktari mmoja Mfaransa, Alibert, mwaka 1806 alimwona mgonjwa aliyekuwa ameotwa na vinundu vinavyofanana na uyoga, na jina likashika hapo. Jina linasikika kama fangasi, lakini fangasi wenyewe hawamo kabisa. Maana yake yule kijana wa simu, aliyeandika fangasi bila kunitazama, alilipatia jina akaukosa ugonjwa! Nimelala nikiwaza kama nimsamehe kwa hilo. Sijamsamehe.

Sasa nyota za kuipa kliniki hii. Nilipoanza kuandika ilikuwa moja, na hiyo moja ni ya nesi. Nikafika kwa daktari wa ngozi nikaona tatu ni haki, maana aliniomba radhi na alirudia kazi. Nikikumbuka miaka niliyopita na mabaka chini ya gauni nashuka tena mpaka mbili. Halafu kuna jambo sipendi kulisema: nami nilificha. Kijana angeniambia nivue pale mlango wazi, ningemtukana na leo ningekuwa naandika kuhusu utovu wa adabu. Ila hakuniambia. Hilo haliondoki.

Wiki iliyopita nilipita chumba cha kwanza nikielekea ndani. Pazia lile lile, sasa limebaki na pete moja. Ndani binti amekunja mkono wa sweta, anaonyesha kitu kwenye kiwiko. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Binti, na huko chini kuna mengine?" Kijana akanyanyua macho kwenye simu. Binti akaangalia chini.

Nimepima kile kidirisha na ule mlango kwa macho, ni kazi yangu. Mita tano za kitambaa kizito zinatosha kabisa, na kitambaa ninacho, kimebaki kwenye sare za shule. Nitawashonea bure. Pete na fimbo ya kulitundikia wanunue wenyewe.