Tathmini ya Mzinga wa Viunzi vya Juu: Uangalie Mlango na Paa

Mzinga ninaoutathmini hapa ni wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki wajenge masega chini yake; umetengenezwa na fundi seremala wa hapa Singida, nami nimeutumia kando ya mashamba ya alizeti kwa msimu mzima wa maua. Wafugaji wengi huupima mzinga kwa uzito wa asali siku ya kurina. Kwa maoni yangu, kipimo cha haki zaidi ni pilikapilika za mlangoni, kwa kuwa hapo ndipo unapoona kama mzinga unawasaidia nyuki kutafuta chakula au unawachosha.

Asubuhi, jua likishapasha ukuta joto, vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, huanza kutoka, na si muda mrefu wa kwanza hurejea wakiwa na vidonge vya chavua ya manjano iliyokolea kwenye miguu ya nyuma. Alizeti huachia chavua kwa wingi wakati huo, na nyuki huikariri saa yenyewe. Baadaye chavua ikipungua, wengi hurudi na mbochi, yaani maji matamu ya maua, tumbo limejaa na kulegea, wakitua kwa kishindo. Fundi anastahili sifa kwa kuweka chini ya mlango ubao wa nyuki kutua usiopigwa randa, ambao makucha hupata pa kushika. Kwenye mzinga wangu mwingine usio na ubao huo, kibarua aliyelemewa huukosa mlango, huangukia majanini na kukaa hapo akihema kwa tumbo lote, mijusi ikiwa karibu.

Matundu ya mlango yako upande mmoja, jirani na masega ya mwanzo, na hilo ni jambo jema, kwani ni hapo ambapo nyuki aliyepata maua hucheza kuwaonyesha wenzake uelekeo na umbali, lugha iliyofafanuliwa na mtafiti wa nyuki Karl von Frisch, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1973. Viunzi vina upana wa milimita 32, kipimo kinachowafaa nyuki wetu wa Afrika, na masega yamenyooka.

Kasoro kubwa ni paa la bati tupu. Majana, yaani watoto wa nyuki walio masegani, yanahitaji joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi, kwa hiyo bati linapochemka kuanzia saa sita mchana, sehemu ya vibarua huacha maua na kwenda kuchota maji, ambayo huyatandaza ndani kwa matone huku wenzao wakipepea mabawa. Niliushuhudia msafara wao ukigeuka kutoka shambani kuelekea hori la maji ya ng'ombe, na hali hiyo iliniuma, maana kibarua huanza kazi ya nje akiwa na umri wa wiki tatu hivi, na wakati wa maua haishi sana zaidi ya wiki sita. Siku zake za kuleta mbochi ni chache mno kuzitumia kupoza bati. Nilipotandika nyasi nene juu ya paa, wachota maji walipungua kwa namna ya kuonekana.

Ninaupendekeza mzinga huu kwa yeyote mwenye maua ndani ya kilomita mbili au tatu, eneo ambalo nyuki hulitembelea zaidi, ila kabla ya kulipa amwombe fundi aweke ubao chini ya bati na kuacha nafasi ya hewa katikati.