Kenya Law: nyota nne, ya tano nimebaki nayo

Watu hudhani Kenya Law, ile tovuti ya hukumu za korti, ni ya mawakili tu. Apana. Kama wewe ni wale wa kubishana kwa matatu ati jaji fulani amekula pesa, hii ndio tovuti yako, na ni ya bure, unaandika jina la kesi unapata hukumu nzima, ama unapakua PDF unasoma polepole bando ikiisha.

Anza na ile kesi ya urais ya 2017, ya Supreme Court. Septemba 1 wengi tulisikia tu kwa redio uchaguzi umefutwa, majaji wanne kwa wawili, Uhuru, rais wakati huo, akatoka akawaita wakora, basi kila mtu akashika upande wake. Ukiingia hapa unapata sababu zenyewe, mambo ya fomu za matokeo, IEBC (tume ya uchaguzi) kukosa kufungua seva vile korti iliagiza, na hao wawili waliokataa, Ojwang na Njoki Ndung'u, nao wako hapo hapo na hoja zao kwa majina yao. Jaji hatumpigii kura, na hatutaki rais amshike shingo, so tutamuuliza maswali aje kama hatujui aliandika nini?

Halafu BBI, ule mpango wa Uhuru na Raila wa kubadilisha Katiba. Mei 2021 majaji watano wa High Court waliizima, hukumu ya kurasa zaidi ya 300, na ni ndefu kweli lakini fuata tu vichwa vidogo. Joel Ngugi na Odunga walikuwa kwa hilo benchi. Juni, Uhuru anateua majaji 34 kati ya wale JSC (tume ya kuajiri na kusimamia majaji) walikuwa wamependekeza tangu 2019, anaacha sita nje, na hao wawili wamo kwa hao sita! Walingoja hadi Ruto alipoingia Septemba 2022. Mimi nikisoma ile hukumu nikijua hivyo naisoma tofauti kabisa, naona ni kama kuna majaji iliwagharimu.

Sasa ile nyota. Kwanza lugha: Katiba kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini hukumu karibu zote ni Kiingereza, tena kile cha kortini chenye Kilatini ndani (sawa, hiyo ni ya majaji wenyewe, si ya tovuti). Pili, hapa utajua jaji aliamua nini, lakini kama amekosea kwa tabia hiyo inaenda JSC, kifungu 168, na huko inabidi ufuate magazeti. Vile Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza aliacha kazi 2012 kwa ile kesi ya kudaiwa kumtishia askari wa mlangoni pale Village Market, mall ya Nairobi, wengi wetu tuliifuata kwa TV.

Kama huna muda, ruka mpaka mwisho usome amri kwanza, halafu urudi nyuma kwa sababu.