Uzoefu wangu: Miaka miwili katika nyumba ya Ujamaa, Chuo Kikuu cha Cornell

Mwaka 2018, nikiwa kwetu Tanga, nilifungua fomu ya makazi ya Chuo Kikuu cha Cornell. Katika orodha ya mabweni, katikati ya majina ya kigeni matupu, nikakuta imeandikwa Ujamaa. Nikamwita baba aje asome. Alivaa miwani, akasoma mara mbili, akasema, "Hapo ndipo pa kukaa, mwanangu. Hao watu wetu." Nikaiweka namba moja. Nilikaa pale miaka miwili, na kwa kuwa kila majibu ya vyuo yanapotoka naulizwa maswali yaleyale, leo naandika yote mahali pamoja.

Kwanza mjue ni nyumba ya namna gani. Cornell ipo Ithaca, jimbo la New York. Mwanafunzi anayeanza anaweza kukaa bweni la kawaida, au akaomba nyumba yenye dhamira yake, yaani wakazi wanakusanywa na jambo wanalolijali. Risley ni ya wapenda sanaa. Ecology House ni ya watu wa mazingira. Akwe:kon ilijengwa 1991 kwa ajili ya urithi wa wenyeji wa asili wa Marekani, na Holland International Living Center inawachanganya wageni kutoka nje na Wamarekani. Ujamaa ilifunguliwa 1972, na inahusu historia na maisha ya watu weusi, wa Afrika na wa kokote walikotawanyikia. Anayetaka anaomba, awe wa rangi yoyote. Kwenye korido yetu alikuwepo Mkorea, na kijana mzungu kutoka Wisconsin ambaye hakukosa kikao hata kimoja.

Nilifika mwezi wa nane kwa basi la kutoka jijini New York, safari ya saa tano hivi. Mabegi yangu yote mawili yalikuwa yamepotelea njiani kwenye ndege. Nilichobaki nacho ni mkoba wa mgongoni na kikapu chenye viungo vya pilau alivyonifungia mama.

Mimi ni mtoto wa bweni tangu kidato cha kwanza, najua mgeni anavyopokewa bwenini. Kule nilikosoma kidato cha tano, njuka alichekwa, akatumwa maji, akaamshwa usiku wa manane aimbe, trunka lake likapekuliwa na sukari ikaondoka. Nililia wiki nzima na sikumwambia mtu. Kwa hiyo siku ile niliteremka kwenye teksi nimejikaza, nimeuma meno.

Vijana watano wakaja mbio kubeba mizigo, wakakuta hakuna mzigo. Mmoja wao, dada mrefu wa mwaka wa tatu, akasema "Karibu!" kisha akanitazama usoni kuona kama amelitamka sawasawa. Nikamjibu, "Asante, nimekaribia." Zaidi ya hapo sikuweza. Machozi yalinitoka palepale mlangoni, na yule dada akanishika mkono mpaka yakaisha.

Mwenzangu wa chumba alikuwa binti wa Brooklyn, wazazi wake wametoka Jamaika. Mama yake alikuwa bado anamtandikia. Aliposikia habari ya mabegi yangu hakuuliza maswali. Alifungua mfuko, akatoa jozi ya pili ya mashuka aliyomnunulia mwanawe ya kubadilishia, akatandika na kitanda changu, akakunja pembe kwa namna ileile anayokunja mama yangu. Nimemwita Mama tangu siku hiyo, na hadi leo namsalimu. (Vitanda vya mabweni ya kule ni virefu kuliko vya kawaida, inchi 80. Shuka la nyumbani linafyatuka kila usiku. Msibebe mashuka, nunueni hukohuko.)

Siku mbili nililelewa. Watu ambao hata majina yao sikuyashika walinipeleka bwaloni, wakanionyesha pa kufulia, wakanipitisha njia ya darasani ili siku ya kwanza nisihangaike. Siku ya tatu yule dada mrefu, ambaye ndiye alikuwa mlezi wa korido yetu, akagonga mlango: jioni kuna chakula cha nyumba nzima, korido yetu inapika, wewe unapika nini?

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la 1962 kuhusu ujamaa, alikumbusha methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yule dada hakuwahi kuisikia, maana nilimuuliza baadaye. Lakini alinipa jembe siku ya tatu kamili. Nilipika pilau la kuku kwa viungo vya kikapuni, kwenye jiko la pamoja, nikiwa na wasaidizi wanne na sufuria mbili za kuazima. Tangu jioni ile sikuwa mgeni. Nimeishi bweni za nchi mbili, na naweza kusema kwamba hakuna hotuba ya kukaribishwa inayofikia kuambiwa ukate vitunguu.

Kuna jambo nilikuwa nimelikosea, nalo ni yale maneno ya baba, "watu wetu." Nilikwenda kama mwenye mali. Wiki ya kwanza nilikuwa nikimrekebisha kila mtu matamshi: wao husema u-JA-ma, nami nasema u-ja-MA-a, irabu zote zisikike. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha wakubwa wa nyumba wakatutembeza chuoni, sisi tulioanza, ili tujue kwa nini nyumba yetu ipo.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1969, msalaba uliwashwa moto mbele ya Wari House, nyumba walimokaa wasichana weusi wa Cornell. Msalaba unaowaka ni tishio la Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, na hakuna mtu mweusi wa Marekani asiyejua maana yake. Alfajiri ya siku iliyofuata, tarehe 19, wanafunzi weusi waliingia jengo la Willard Straight na kulishikilia kwa saa 36 hivi. Wanafunzi wazungu walipojipenyeza ndani kutaka kuwatoa kwa nguvu, wale waliokuwemo wakaingiziwa bunduki za kujilinda. Picha iliyopigwa na Steve Starr wakati wanatoka nazo ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1969 kilianzishwa kituo cha masomo ya Africana, yaani ya Afrika na watu weusi, chini ya James Turner, na tarehe 1 Aprili 1970 jengo la kituo hicho likaungua lote. Miaka miwili baadaye, Ujamaa ikafunguliwa.

Mtaniwia radhi kwa kuweka historia ndefu hivi kwenye habari za bweni, ila bila hiyo hamtaielewa nyumba. Nilisimama mbele ya Willard Straight nikiwafikiria wale wasichana wa Wari. Walikuja kusoma kama mimi. Wamelala, wanaamshwa, wanakuta moto mlangoni. Neno ambalo mimi nililikariri darasa la sita ili nijibu mtihani wa uraia, watoto wa watu hawa walilichukua wakalibandika juu ya mlango ili mwenzao apate pa kulala bila hofu. Sikumrekebisha mtu matamshi tena.

Kila wiki nyumba inakutana kwenye kikao kinachoitwa Unity Hour. Wakazi wanakaa sebuleni, pengine anakuwepo mgeni wa kuzungumza, pengine ni sisi kwa sisi: siasa, nywele, pesa za ada, mapenzi, vifo nyumbani. Oktoba 14 ilipokaribia nikaombwa nieleze neno ujamaa lilivyoishi kwetu. Niliandaa habari za Azimio la Arusha la 1967 na ningeweza kuishia hapo. Lakini bibi yangu ni mtu wa Handeni, na niliona si haki kumwacha nje. Nikawaeleza jinsi, kati ya 1973 na 1976, watu wa mashambani walivyohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na jinsi yeye alivyoiacha miembe aliyoipanda kwa mkono wake. Watoto wake walipata shule karibu. Hata hivyo, hadi anafariki alikuwa akiihesabu ile miembe mmoja mmoja, kama mtu anayetaja majina ya watoto.

Binti mmoja kutoka Mississippi akauliza, "Bibi aliulizwa kama anataka kuhama?" Nikasema hakuulizwa. Sebule ikanyamaza. Halafu mazungumzo yaliyofuata yalikwenda mpaka saa sita usiku, kwa sababu swali lilikuwa linaigusa nyumba yenyewe. Nyumba za namna hii zimelaumiwa miaka mingi kwamba zinawatenga weusi na wenzao. Mimi msimamo wangu niliupata usiku ule: tofauti yote iko kwenye lile swali la yule binti. Pale kila mmoja aliulizwa, akaandika mwenyewe kwenye fomu. Mchana kutwa tupo madarasani na maabara pamoja na dunia nzima, mara nyingi mimi ni mweusi peke yangu katika safu tatu. Usiku nikirudi mahali ambapo sihitaji kueleza kwa nini nimefunga kilemba cha kulalia, sioni kama nimejitenga. Nimepumzika.

Desemba, kabla watu hawajaondoka likizo, nyumba iliandaa Kwanzaa ya mapema. Sikukuu hiyo ya Wamarekani weusi ilianzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, na kwa kawaida huanza Desemba 26 na kuisha Januari 1, siku saba kwa nguzo saba: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Mtu mmoja akaniuliza "Habari gani?" Nikajibu "Nzuri," kama ambavyo yeyote wa kwetu angejibu. Wengine wote wakaitikia "Ujamaa!" Ndivyo desturi yao ilivyo, unajibu jina la nguzo ya siku. Mezani palikuwa na kinara chenye mishumaa saba, na chini yake wametandika mkeka. Waliniomba niseme kitu, nikasema hiki tu: kwetu mkeka ndio kitu cha kwanza mgeni kutandikiwa, hata nyumba isiyo na kiti haikosi mkeka. Yule dada mrefu akauondoa mezani, akautandika sakafuni, tukakaa tulioweza kuenea na wengine wakajisogeza pembeni yetu. Mwaka uliofuata walitafuta mikeka minne.

Sasa ya kawaida. Mimi nilipata chumba cha watu wawili, bafu ni la pamoja. Nyumba ipo upande wa kaskazini wa chuo, kwa hiyo kwenda madarasani unavuka daraja juu ya bonde lenye maporomoko, dakika 15 hadi 20 kwa miguu, na ukichelewa kuna basi. Theluji mara nyingi inaanza Novemba. Koti na viatu vya theluji nunueni kule, vya huku havitawafaa. Kituo cha Africana kipo barabara ya Triphammer, karibu na nyumba, na Kiswahili kinafundishwa pale. Jiandaeni kuombwa msaada wa ngeli jikoni, mkiwa mmeshika mwiko. Mimi nilijifunza ngeli kwa kuwafundisha wao, maana shuleni nilizipita tu.

Simshauri kila mtu aende. Kama wewe hupendi kugongewa mlango, au unataka kukaa peke yako ili usome bila mtu kujua umekula au hujala, chagua bweni la kawaida na hakuna atakayekulaumu. Kama unataka zaidi kukutana na wageni wenzako kutoka nje, ile Holland itakufaa. Na ukienda Ujamaa utaulizwa kuhusu Afrika nzima, hata nchi ambazo hujawahi kukanyaga. Mimi nilijibu ninachokijua, na kwa yaliyobaki nikawatafuta Wanijeria na Waethiopia wa korido ya juu.

Binamu yangu amepata nafasi mwaka huu na jana amenipigia kuuliza abebe nini. Nimemwambia aache mashuka, aache koti, abebe viungo vya pilau kwenye mkoba wa mkononi, na kanga tatu. Mbili ni zake. Ya tatu ampelekee mama wa mtu atakayepangwa naye chumba kimoja.