Fundi wa pikipiki za zamani pale Kibuye
Kama uko na Honda CG125 ya kitambo, ile ya pointi (viguso vidogo vya kukata umeme ili plagi itoe cheche), na mvua ya Kisumu ikinyesha kidogo tu inaanza kukohoa, pelekea huyu fundi wa karibu na soko la Kibuye. Hakimbilii kukuuzia koili mpya (ile ya kuongeza nguvu ya umeme wa plagi), kwanza anaingiza pikipiki gizani ikinguruma ananyunyizia waya wa plagi maji, cheche zikitoroka mnaziona wote. Yangu waya ulikuwa umepasuka na kepu ya plagi imelegea, akabadilisha, akapaka grisi ya silikoni ndani ya kepu, lakini kwa pointi zenyewe hataki, ati grisi ikifika hapo moto wa plagi unapotea. Nayo WD-40, ile dawa ya kupuliza, inafukuza maji tu, haikai. Bei poa, ila foleni ya bodaboda hapo weh, enda mapema.